Jicho la Selo ya Kumi na Tisa

Naanza kwa kuishukuru Serikali yetu, kama inavyotakiwa, kwa kunipa kazi, sare, buti jozi moja na tundu. Tundu ndilo ofisi yangu. Liko kwenye mlango wa chuma wa Selo ya Kumi na Tisa, katika Gereza Kuu la Ulinzi Mkali, na ukubwa wake ni kama kifungo cha koti. Kila kengele ya robo saa inapolia, tangu asubuhi hadi jioni, naweka jicho langu la kulia hapo, namtazama mfungwa, kisha naandika kwenye kadi. Cheo changu ni Koplo na jina langu ni Yusto, lakini katika karatasi za gereza naitwa Jicho. Kuna Jicho la usiku pia, ambalo kwa sababu za usalama sijawahi kuliona.

Wageni wa nchi jirani huja kujifunza kwetu. Huuliza jengo la ulinzi mkali lina wafungwa wangapi, tunawajibu mmoja. Huuliza askari ni wangapi, tunawajibu sitini na wanne, na kwamba tumeomba wengine. Hapo huacha kuuliza, wakaandika kwenye vitabu vyao.

Zamani askari wa zamu alikuwa na tundu na ufunguo pia. Ndipo likatokea lile jambo la aibu. Askari mmoja alichungulia, akamwona mfungwa ana huzuni, akafungua mlango, wakaenda wote wawili harusini mtaa wa pili. Mfungwa alirudi kabla ya hesabu ya jioni. Askari hajarudi hadi leo. Tume ikaundwa, ikakaa miezi kumi na moja, ikagundua kwamba ubaya wote ulitokana na mtu mmoja kuona na kufungua. Tangu siku hiyo anayeona hafungui, na anayefungua haoni.

Ufunguo wetu ni Sajini Mdoe, mtu mwema mwenye kitambi cha heshima. Kiti chake kiko hatua tatu kutoka kwangu, naye hukaa ameupa mlango mgongo, akitazama ukuta. Ameutazama miaka tisa. Anasema una nyufa mbili, na mmoja ukiukazia macho unafanana na shemeji yake. Mimi siruhusiwi kumwambia Mdoe nilichokiona. Jicho huiambia kadi tu. Kadi hupanda kwa Mkuu wa Gereza, Mrakibu Chambuso. Akiona sababu, huandika amri, amri humshukia Mdoe, na Mdoe hufungua. Kusema na mfungwa ndiyo kabisa, hata salamu ni kifungo cha miaka miwili.

Kadi yenyewe ni rahisi, mtoto angeijaza. Ina hali sita: Amelala, Amekaa, Amesimama, Anatembea, Anakula, Anaomba. Unaweka alama ya vema moja tu. Zilikuwa nane, ila Anacheka iliondolewa kwa sababu kila ilipowekwa vema makao makuu walitaka kujua anamcheka nani. Anafikiri nayo iliondolewa baada ya jeshi kuitwa mara mbili kwa wiki moja.

Kadi isiyo na alama yoyote maana yake mfungwa katoroka. Mfungwa akitoroka, Jicho huingia selo badala yake hadi apatikane, maana selo ya ulinzi mkali haiwezi kukaa tupu huku watu wanalipwa kuilinda. Sheria hiyo naiona ya haki, na nimetia saini kwamba naiona hivyo.

*

Mfungwa wangu aliitwa Fundi Nasibu. Alikuwa mzee mfupi, mwembamba, ambaye kabla ya kuwa hatari kwa taifa alitengeneza saa katika kibanda kando ya soko la nguo kuukuu.

Kosa lake mnalijua, lakini nitalirudia kwa faida ya vijana. Saa kubwa ya ukumbi wa mji ilisimama kwa sababu ndege walijenga ndani. Nasibu akaitwa, akawatoa ndege, akapaka mafuta, saa ikatembea. Bahati mbaya aliitengeneza vizuri. Kesho yake Kiongozi wetu Mpendwa akaja kuizindua saa nne kamili kwa saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa nyuma dakika ishirini na tatu tangu alipopewa zawadi. Saa ya ukumbi ikaonyesha saa nne na dakika ishirini na tatu mbele ya mabalozi. Sasa, Kiongozi hachelewi. Kwa hiyo ni saa iliyowahi, na kuna mtu aliyeiwahisha. Nasibu akashtakiwa kwa kuitangulia Serikali, akapewa miaka kumi na miwili. Nchi nzima ikarudisha saa zake nyuma, na watu wengi wakashukuru kwa zile dakika za kulala.

Mzee huyu hakuwa na saa wala dirisha. Lakini kila nilipoweka jicho tunduni alikuwa ameelekea mlango, ananingoja.

"Saa tatu na dakika arobaini, afande," alisema. "Kengele yenu imechelewa ishirini na tano leo. Mpiga kengele amekunywa chai mara mbili."

Mimi naweka vema kwenye Amesimama.

Nilidhani anabahatisha. Siku moja nikaenda kituo cha reli, ambako kuna saa moja ambayo Serikali imeisahau, nikalinganisha. Mzee hakukosea hata dakika. Nakiri hapa kosa ambalo halimo kwenye kadi yoyote: tangu siku hiyo nilianza kuirekebisha saa yangu ya mkononi kwa kumsikiliza yeye. Niliivaa upande wa ndani wa mkono, chini ya shati. Katika gereza lile zima tulikuwa watu wawili tunaojua ni saa ngapi, na hatukuwahi kuzungumza.

Kila Alhamisi binti yake, Tausi, alikuja getini. Alifika saa nne kamili, ile ya kweli, akaambiwa amewahi, akasimama juani dakika ishirini na tatu. Kisha karani alimsomea kadi za wiki kupitia kidirisha. "Amekaa. Amekaa. Anatembea. Anakula. Amelala." Tausi alisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani. Halafu alitoa bakuli la maandazi ya iliki.

Maandazi hupita mageti saba, na kila geti lina askari wa kuonja, isije ikawa yana sumu. Askari wetu ni waangalifu, hawaonji kidogo. Selo ya Kumi na Tisa lilikuwa linafika bakuli tupu. Fundi Nasibu alilifunua taratibu, akaliweka puani, akavuta pumzi, akafunika tena. Harufu haikuwa imekatazwa. Wala haikuwa kwenye kadi, kwa hiyo niliandika Amekaa.

*

Jumatatu moja kengele ya kwanza ya zamu yangu ililia, nikaweka jicho, sikuambiwa saa.

Mzee alikuwa sakafuni, amelalia ubavu, magoti yamefika kifuani, mikono miwili imeshika tumbo upande wa kulia chini. Uso ulikuwa unatiririka jasho na selo yetu ni baridi.

"Afande," alisema. "Tumbo."

Nikaitazama kadi. Amelala, Amekaa, Amesimama, Anatembea, Anakula, Anaomba. Nikaweka vema kwenye Amelala, maana kweli alikuwa chini. Robo saa baadaye alikuwa vilevile, anatapika. Amelala. Robo iliyofuata alikuwa anauma kola ya shati lake asipige kelele. Alikuwa mtu wa adabu sana. Amelala.

Nikamgeukia Mdoe.

"Sajini."

"Naam," Mdoe akauambia ukuta.

"Ungefungua mlango huu, hata kidogo."

"Umeona nini?"

"Siwezi kukuambia. Wewe huruhusiwi kujua."

"Ni kweli. Basi niletee amri."

"Amri inatoka kwa Mrakibu, na Mrakibu anasoma kadi, na kadi haina neno lake."

Mdoe akashusha pumzi. Masikio anayo, alikuwa anasikia kila kitu. "Yusto ndugu yangu," akasema, "nina watoto sita na mama mzee. Usiniambie kitu."

Sikumlaumu, mimi ninao wanne. Daktari wa gereza alikuwa jengo la pili, hatua mia moja, anacheza bao peke yake kwa sababu hana mgonjwa. Yeye huja mlango ukishafunguliwa.

Kengele ya saa tano nikapiga moyo konde. Chini ya zile hali sita, palipo peupe, nikaandika kwa mkono wangu: Anaumwa.

King'ora kililia kabla wino haujakauka.

*

Mrakibu Chambuso alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, chini ya picha tatu za Kiongozi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Koplo," akasema, "umebuni hali."

"Sikuibuni, afande. Nimeiona."

"Hali ni sita. Ukiona ya saba, tatizo ni la jicho." Akaja akaniangalia jicho la kulia, akanivuta kope. "Hebu tufikiri pamoja kama watu wazima. Mfungwa huyu yuko nyuma ya mageti saba. Ukuta una upana wa ng'ombe wawili. Nzi hajaingia mle miaka mitano. Sasa wewe unaniambia ugonjwa umeingia. Umepitia geti gani?"

"Sijui, afande."

"Hujui! Ugonjwa unaingia katika jengo la ulinzi mkali, Jicho halijui!" Akakaa, akajifuta paji la uso. "Unaelewa unachosema? Mfungwa akiumwa, maana yake ulinzi si mkali. Ulinzi ukiwa si mkali, maana yake mimi ni nani?"

Niliinua macho kwenye zile picha tatu.

Lakini Mrakibu si mtu wa kupuuza jambo. Palepale aliamuru mageti yote saba yafungwe na askari sitini na wawili wapekuliwe mmojammoja kuona nani ameingiza ugonjwa. Kazi hiyo iliendelea Jumatatu yote na Jumanne yote. Daktari aliwekwa kizuizini kwanza kabisa, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kuwa na uhusiano na magonjwa. Mimi na Mdoe hatukupekuliwa, tuliambiwa turudi kazini.

Mzee aliendelea kuwa sakafuni. Jumanne mchana aliacha kushika tumbo, nikadhani amepata nafuu, nikafurahi peke yangu kama mjinga. Niliona mtu akipata nafuu nami sikujua kwamba wakati mwingine maumivu hukoma kwa sababu ndani kumeshapasuka.

*

Jumatano ikaja Kamati ya Hali za Wafungwa kutoka makao makuu, wajumbe kumi na mmoja, na gari la nyuma lilibeba viti vyao. Walipanga foleni kwenye tundu. Kila mjumbe alichungulia kwa muda wa sekunde thelathini, akatia saini kwamba amechungulia. Mwenyekiti, Bibi Eufrasia, alivua miwani kwanza, akachungulia kwa muda mrefu kuliko wote, na alipogeuka macho yake yalikuwa na machozi. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, huyu ameona.

Akasimama juu ya kiti.

"Ndugu wajumbe! Ni miaka arobaini tangu kadi hii itungwe na waasisi wetu. Leo hapa, mbele ya mlango huu wa kihistoria, sisi tumepewa heshima ya kuiongezea neno. Wajukuu zetu watauliza, mlikuwa wapi siku ile? Nasi tutawajibu, tulikuwepo!"

Makofi. Mdoe alipiga makofi akitazama ukuta.

Kisha wakajadili palepale koridoni, chai na sambusa zikizunguka. Mjumbe mmoja alipendekeza hali mpya iwe Anajifanya. Mwingine akasema neno Anaumwa likikaa peke yake litawapa wafungwa mawazo. Wa tatu akauliza kama mfungwa anaweza kuumwa huku amekaa, na ikiwa hivyo Jicho liweke vema wapi. Waliligeuza swali hilo saa mbili nzima. Jioni wakakubaliana kwa kauli moja: hali ya saba itakuwa Anaumwa, Kwa Madai Yake. Kadi mpya zichapwe usiku huohuo, zigongwe muhuri, ziletwe kesho. Hadi hapo kadi ya zamani iendelee kutumika.

"Mwenyekiti," nikasema. Sijui sauti niliipata wapi. "Na leo?"

Bibi Eufrasia akanishika bega kwa upole wa mama. "Leo, mwanangu, endelea kutazama."

Waliondoka. Kengele ikalia, ya mwisho kwa zamu yangu. Nikaweka jicho. Mzee alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlango, midomo imepasuka, macho yametumbukia. Alikuwa akinitafuta tunduni.

"Afande," akasema. "Zimenipotea. Saa ngapi?"

Katika miaka mitano hakuwahi kuniuliza kitu. Saa ilikuwa hapa, chini ya shati, inagonga juu ya mshipa wangu, na ilikuwa saa yake mwenyewe, yeye ndiye aliyeitegesha. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika saba. Ni maneno machache. Mtoto angeyasema.

Sikujibu. Nilifikiria ile miaka miwili, nikafikiria watoto wanne, nikatoa jicho, nikaweka vema. Ninaandika haya nikiona aibu, na sina mtu wa kumsingizia.

*

Alhamisi, kengele ya saa tatu na nusu, kifua chake kilikuwa hakipandi. Nilingoja. Nikatoa jicho, nikalifuta, nikarudisha. Kilikuwa hakipandi. Nikaweka vema kwenye Amelala, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa kadi, ingawa kwa kadi haukuwa uongo.

Saa tano kasoro bakuli likafika. Mdoe alilipokea kinyumenyume, akapapasa hadi kwenye kijilango cha chini, akalisukuma ndani. Lilikwenda likagota kwenye mkono wa mzee, likasimama hapo.

Kadi mpya zikaja saa nane mchana kwa pikipiki mbili na gari la polisi. Zilikuwa nzuri, karatasi nzito, hali ya saba imechapwa kwa rangi ya kijani. Nikaweka vema kwenye Anaumwa, Kwa Madai Yake. Ndani ya nusu saa amri ikashuka, Mdoe akafungua, daktari akatolewa kizuizini, akaingia, akapiga magoti, akanyanyuka.

"Huyu amekufa," akasema. "Tangu asubuhi."

Mrakibu Chambuso akainama juu ya kadi, akapitisha kidole kwenye hali zote saba, toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu.

"Haipo," akasema.

"Afande?"

"Amekufa. Haipo." Akamgeukia daktari. "Na tena, kufa ni kutoka. Hakuna anayetoka jengo hili bila hati yenye saini ya Kiongozi. Unayo hati?"

Daktari hakuwa nayo.

Hata hivyo Serikali yetu si katili. Mwili ulizikwa jioni hiyohiyo nyuma ya jiko, kwa heshima. Mdoe alichimba, na imamu alikuwa mfungwa wa jengo la wizi wa kuku. Kilichozikwa ni mwili tu. Mfungwa mwenyewe, kwa mujibu wa karatasi, amebaki Selo ya Kumi na Tisa, na ataendelea kubaki hadi Kamati itakapokaa mwakani kuijadili hali ya nane. Mimi nimepandishwa cheo kwa kuleta mageuzi ya kadi. Sasa ni Sajini. Nina utepe mwingine begani, na kengele ikilia naweka jicho na kutazama sakafu, ukuta na bakuli. Nisipoweka alama, katoroka. Akitoroka, naingia mimi.

Naweka vema kwenye Amelala.

*

Pamoja na cheo nimepewa heshima ya kumsomea binti kadi mwenyewe, kati ya kengele mbili. Alhamisi iliyopita Tausi alikuwa amefika saa nne kamili. Alikuwa amesimama juani na bakuli jipya, kanga imefunika kichwa, ana uso uleule mfupi wa baba yake.

Nikasoma. "Amelala. Amelala. Amelala." Karatasi zilikuwa nyingi.

"Analala sana siku hizi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Afadhali. Baba hakuwa mtu wa kulala mchana, tulimsema mpaka tukachoka." Akatabasamu. "Bado anawaambia saa?"

Getini kulikuwa na askari wanane nyuma yangu. Mrakibu alikuwa dirishani kwake, juu. Nikakunja kadi, nikazifunga kwa uzi, nikazifungua tena.

"Anajua saa yake," nikasema.

"Huyo ndiye baba." Akanipa bakuli. Lilikuwa la moto bado. "Haya nimezidisha iliki. Najua hayafiki yote, afande, mimi si mtoto. Lakini harufu inafika, au siyo? Mwambie wiki ijayo naleta mengine."

"Nitamwambia."

Nililibeba bakuli mwenyewe kupita mageti saba, na kila askari wa geti alionja. Mdoe akalisukuma ndani kwa kupapasa, likagongana na yale mengine. Kengele ikalia. Nikaweka jicho. Nikatoa mkono nje ya shati, nikasogeza mdomo kwenye tundu, nikasema, "Saa tano na dakika nane, mzee."

Mdoe hakugeuka. Mabega yake yalitikisika, kisha yakatulia.

Leo ni Jumanne. Tausi atakuja keshokutwa, saa nne kamili. Ni mtoto wa fundi saa, hachelewi. Kadi za kumsomea nimekwisha kuzijaza zote.